Mwalimu, kwetu ile verbe haina présent

Kama unapita Kirotshe saa ya rekreasio, mbele ya shule ya sekondari yoyote kando ya barabara ya Sake na Minova, simama kidogo. Utaona wanafunzi bleu-blanc wamezunguka mwenzao mumoja. Yeye anatembea polepole, tumbo mbele, mikono mgongoni, wengine wanashika mbavu kwa kucheka. Yule kijana hana ugonjwa. Anaiga prefe.

Hakuna mwalimu wa sekondari asiye na jina la pili. Wa hesabu karibu kila mara ni Pythagore, hata kama ni Pythagore wa tatu kufuatana katika shule ileile. Anayeandika na mkono wa kuume na kufuta na wa kushoto, watoto wakiwa bado kwenye mstari wa kwanza, huyo ni Essuie-glace. Direkta wa disiplini hana hata haja ya jina: mtu akikohoa mara mbili, kalasi nzima inajua anakuja. Na wewe baba uliye machimbo, usiseme ni watoto wa leo. Muulize mwenzako wa shimo jina la mwalimu wake wa zamani: lile la matani litatoka mbele ya lile la ubatizo.

Matani yanayopendwa zaidi ni ya Kifaransa. Mwalimu anaingia, anasikia watu wanaongea nyuma, anapiga meza: « Nani njo anasema Kiswahili mu kalasi yangu? Nilisemaka hapa ni Kifaransa tu! » Sauti moja inajibu: « Mwalimu, ni weye. » Kumbuka Katiba ya 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Hilo halizuii mtoto kupewa fagio siku nzima kwa sababu alimwambia jirani « nisaidie bic ».

Halafu kuna Toto. Huyu alitufikia pamoja na Kifaransa, mwanafunzi wa mwisho wa kalasi, ambaye matani yake yanajulikana kila fasi wanapofundisha lugha ile. Lakini Toto wa Ufaransa anasahau devoir. Toto wa Masisi ana shida ingine.

Mwalimu: « Toto, simama. Konjuga verbe payer. »
Toto: « Je paierai, tu paieras, il paiera… »
Mwalimu: « Nimeomba présent, haiko futur! »
Toto: « Mwalimu, kwetu ile verbe haina présent. »

Hii niliisikia mara tatu kwa wiki moja, na mara ya tatu aliyeisimulia alikuwa mwalimu mwenyewe. Alicheka kuliko wote. Kisha akaongeza kwamba hata kwa ule mshahara wake wa serikali, ile verbe anaijua paka katika imparfait.

Kila mtu hapa anaelewa bila kuelezwa. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa bure, lakini sekondari haikuingia, na minervali inaendelea. Baba yuko Rubaya, anangoja koltani iuzwe. Negosia anangoja kontwari. Kontwari inangoja bei ya huko mbali. Ekonomi wa shule peke yake hangoji mtu: Jumatatu asubuhi anafungua kaye yake, anasoma majina, na waliosomwa wanashuka kando ya ziwa kuangalia wavuvi wa sambaza. Hao wanajiita « kalasi ya piroge ». Wanasema ni kalasi isiyo na devoir, na kwamba inajaa kuliko zote.

Machimbo yanaingia mpaka ndani ya chimie. Mwalimu anaandika SnO₂ kwenye tablo, anauliza hii ni nini. Wanafunzi wa miji mingine wangetafuta katika vitabu. Hapa mtoto anayetoka upande wa Walikale anajibu palepale: « Ni kasiterite, mwalimu. Ni bei ya leo ao ya jana? »

Iko na moja ambayo wanaisimulia kwa sauti ya chini. Mwalimu wa fizike alitoa zoezi: kitu kinaanguka ndani ya shimo la metre 20, kitafika chini kisha sekunde ngapi? Jibu ni 2 hivi. Mwanafunzi akanyoosha mkono: « Mwalimu, ni jiwe ao ni mutu? » Waliocheka walicheka. Wengine waliangalia chini ya banki. Mwalimu akafuta tablo, akapita kwa zoezi la pili, lile la gari. Mimi siiweki kati ya matani, lakini wao wanaiweka, na haikuwa kazi yangu kuwapangia.

Afadhali ile ya vakanse. Walimu wengine, vakanse kubwa ikifika, wanapanda machimbo nao kutafuta kitu cha kuanzia mwaka. Basi wanasema mwalimu mumoja wa Kifaransa alifika shimoni kuomba kazi, akaambiwa: ngoja PDG. PDG akatoka, bote mpaka magoti, simu mbili mkononi. Nani? Kijana aliyeacha masomo mwaka wa mwisho, mbele ya Examen d'État, ambaye mwalimu huyu alikuwa anamwandikia 2 juu ya 10 kila mara.

« Karibu, mwalimu. Kazi iko. Lakini nikuulize kwanza kidogo. Konjuga verbe payer. »

Mwalimu, na furaha: « Je paie, tu paies, il paie… »

PDG akatikisa kichwa: « Mwalimu, hapa ni kama kwetu. Anza na futur. »