Katuni, Kejeli na Adabu ya Lugha

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hiyo yafaa kukumbukwa tunapojadili michezo ya katuni ya runinga, hasa inayokejeli tasfida, yaani desturi ya kuteua maneno yasiyomvunjia mtu heshima. Mathalani, South Park, mchezo wa Marekani ulioanza mwaka 1997, ulimleta mwaka 2015 mkuu wa shule anayetetea lugha ya heshima kwa vitisho na ngumi. Kejeli hiyo inawalenga wanaohubiri staha ilhali wao wenyewe hawana utu. Hapa Kenya, The XYZ Show ya mchoraji Gado, iliyoanza mwaka 2009, ilitumia vikaragosi kuwasuta wanasiasa pasi na kujali vyeo vyao.

Je, mtazamaji hupokea kile alichokusudia mtunzi? Utafiti wa Neil Vidmar na Milton Rokeach, uliochapishwa mwaka 1974, unatia wasiwasi. Ulihusu All in the Family, mchezo wa Marekani ulioukejeli ubaguzi kupitia kwa baba mmoja mwenye chuki. Watazamaji wenye chuki kama yake walielekea kumwona msema kweli; wengine walimwona kichekesho. Mchezo ulikuwa mmoja, vicheko vikawa viwili.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kisii na Nyamira. Katika vichekesho vya Kenya, Mkisii huigizwa mara kwa mara kwa lafudhi yake, kwa hasira na kwa uchawi. Anayetetea mizaha hiyo anaweza kudai kwamba anawakejeli wanaoogopa hata kutaja kabila tangu sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008 iharamishe matamshi ya chuki. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, kwani sheria hiyo yalenga uchochezi, wala haikupiga utani marufuku. Lakini mzaha wa uchawi ukifika Marani, ambako wanawake wanne waliotuhumiwa uchawi waliuawa na umati mwezi wa Oktoba mwaka 2021, haubaki mzaha mtupu. Anayeucheka Nairobi huenda anaucheka ushirikina. Kijana wa kijijini aliyekwisha kumshuku ajuza wa jirani aweza kuuchukua kuwa ushahidi.

Abagusii wenyewe walikuwa na kanuni za mambo haya. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliandika mwaka 1951 kuhusu utani wa marika miongoni mwao. Watu wa rika moja waliweza kutupiana maneno ambayo mbele ya mzazi yangekuwa aibu kubwa. Mbele ya baba au mkwe, ensoni, neno lililo ndugu wa soni ya Kiswahili, ilifunga vinywa. Utani basi haukukatazwa, bali uliwekewa mahali pake na watu wake. Na kwa kuwa watani walikuwa sawa, aliyetaniwa aliweza kujibu.

Runinga imeivuruga kanuni hiyo. Imewaketisha baba, mkwe na mtoto katika sebule moja, kisha inamtania mtu asiye na nafasi ya kujibu. Mzazi anayezima katuni haonyeshi lazima kwamba hajui kucheka. Pengine anaona soni kwa sababu ya wale walioketi kando yake. Tulinganishe na Redykyulass, ambamo Walter Mong'are, Mgusii, alimwigiza Rais Moi. Rais aliyetaniwa alikuwa na dola nzima ya kujibia. Ajuza wa Marani ana nini?

Walimu wenzangu, sisemi kwamba katuni zifungiwe. Tasfida nayo hustahili kukejeliwa inapogeuka pazia la kufichia dhuluma, kwani kumwita mtu kwa jina zuri huku tukimnyima haki yake ni unafiki. Ninachopendekeza ni kwamba kejeli ya runinga iingie darasani kama matini nyingine yoyote ya fasihi, na wanafunzi waulizwe maswali matatu: Anayechekwa hapa ni nani? Anaweza kujibu? Na yule aketiye nasi, aliye wa kabila au umri wa anayechekwa, amesikia nini? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali hayo kwa uaminifu ataendelea kucheka, ila atajua anamcheka nani.