Ukifika Dar es Salaam, Ulale Wapi?

Mwaka 2023, baada ya kuuza pamba, nilimpeleka mama yangu Dar es Salaam. Daktari alikuwa amemsikiliza moyo wake, asiridhike nao, akaandika barua ya kwenda Muhimbili. Siku ilikuwa Jumatano, saa moja na nusu asubuhi.

Sisi ni watu wa Igunga. Mji tuliouzoea ni Tabora, na Tabora kuchagua malazi si kazi: hata ile hoteli ya zamani, iliyojengwa wakati wa Wajerumani, iko jirani na stesheni ya treni. Nilidhani miji yote iko hivyo.

Mpwa wangu, kijana hodari wa mambo ya simu, ndiye aliyetutafutia chumba. Alinionyesha picha: kitanda cha mashuka meupe, maji ya moto yanatoka ukutani, kiyoyozi, na bwawa la kuogelea, ingawa sijui ni nani kati yetu angeogelea. "Iko Mbezi, mjomba," akasema, "na mabasi yenu yanaishia Mbezi." Nikafurahi sana. Mama amelala kitanda cha kamba karibu maisha yake yote; nikasema mara hii alale kama bibi harusi.

Kutoka kwetu hadi pwani ni zaidi ya kilomita 700. Unavuka mbuga ya Wembere, unapanda mlima Sekenke, unapita Singida, Dodoma na Morogoro, na miguu imekwisha kuvimba. Tulishuka usiku katika kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli, kile kilichofunguliwa mwaka 2021 badala ya kile cha Ubungo. Nikamtajia dereva wa teksi jina la hoteli yetu. Akacheka. "Mzee wangu, hiyo iko Mbezi Beach. Hapa ni Mbezi Louis."

Kumbe Mbezi ziko mbili! Moja iko kwenye barabara ya Morogoro, ndiyo yenye kituo. Nyingine iko upande wa barabara ya Bagamoyo, karibu na bahari, na kati yao ni safari nyingine tena kupitia Goba. Wala hakuna iliyo karibu na Muhimbili, maana Muhimbili iko Upanga, ndani kabisa ya mji.

Chumba chenyewe kilikuwa kama picha yake, sitasema uongo. Mama aliligusa godoro kwa mkono, akaketi pembeni kama mgeni. Asubuhi tuliondoka saa kumi na mbili, nikijiona nimewahi. Motokaa zilikuwa zimejipanga barabarani kama ng'ombe kwenye josho. Tulifika saa tatu, jina la mama likiwa limekwisha itwa. Tukapewa Ijumaa. Kosa halikuwa la mtu mwingine yeyote, lilikuwa langu.

Mama hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi, akapumzika pumzi zake fupi, kisha akasema: "Mwanangu, maji ya moto siyo yaliyonileta huku."

Hapo ndipo nilipopiga hesabu niliyopaswa kuipiga Igunga. Chumba shilingi 70,000. Teksi 25,000 kwenda na 25,000 kurudi. Hiyo ni 120,000 kwa siku moja, na chakula bado, kwa sababu katika hoteli ya namna ile hakuna mama lishe wa kukuuzia wali na maharage. Bei ya chumba iliyoandikwa si bei ya kulala. Ongeza na ya kutoka na kurudi. Babu zetu waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo wangenicheka kuliko yule dereva.

Mchana uleule tukahamia Kariakoo. Chumba 30,000, bajaji hadi hospitali muda mfupi tu. Lakini sikusifii Kariakoo kupita kiasi. Kelele za wachuuzi hazikomi mpaka usiku sana. Chandarua kilikuwa na tundu, nikalishona kwa uzi wa mama. Na kwanza walitaka kutupa chumba cha ghorofa ya tatu, bila lifti! Mgonjwa wa moyo apande ngazi zile kila siku? Nikakataa, nikangoja hadi kilipopatikana cha chini. Swali hilo liulizwe kwa simu kabla ya safari, pamoja na lile la choo, kama kiko ndani au nje.

Alfajiri, mama aliyekuwa akifagia ua alimsikia mama yangu akisema nami, akaacha ufagio, akamwamkia: "Mwangaluka!" Alikuwa mtu wa Nzega. Tangu saa ile mama alikuwa na mwenzake wa kuzungumza naye, na uji wake ulipikwa bila chumvi kama daktari alivyotaka.

Ijumaa tulikuwa tumeketi mlangoni kabla ya saa moja. Mama alipimwa, akaanzishiwa dawa anazomeza mpaka leo.

Sisemi hoteli nzuri ya mbali ni upuuzi. Anayekwenda kupumzika, au arusi iko hukohuko ufukoni, na alale huko, ndipo mahali pake. Ukilazimika kukaa mbali, basi kaa jirani na njia ya mwendokasi, mabasi yaliyoanza mwaka 2016, yana barabara yao wenyewe kutoka Kimara kwenda mjini. Kuna pia Kituo cha Msimbazi, Ilala, cha Jimbo Kuu, si mbali na Kariakoo. Na tangu mwaka 2024 waweza kushuka basi Dodoma ukapanda treni ya umeme, nayo itakushusha katikati ya Dar es Salaam, si Mbezi yoyote.

Siku ya mwisho mama alitaka kuiona bahari. Tulipanda mwendokasi hadi Kivukoni, tukaketi tukitazama kivuko kinavyokwenda Kigamboni na kurudi. Akashuka polepole, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema. Kisha akaniuliza kama kule Mbezi bahari ilikuwa hii hii, maana tulitoka gizani na yeye hakuiona.