Bahari Moja, Sheria Mbali Mbali

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani na sahibu yangu tuliyesoma naye chuo kimoja, tukakalia mkeka mmoja na kuogopa bakora moja. Mwanawe wa pili amekuwa teja. Ameuza redio ya nyumbani, ameuza masufuria, mwisho akauza kanga za mamake zikiwa bado kambani hazijakauka. Nilipojaribu kumliwaza kwa habari za manuari za kigeni zinazokamata majahazi ya unga, alinikata kauli: "Ndugu yangu, hizo manuari ziko mbali. Aliyemuuzia mwanangu yuko uchochoro wa pili. Hayo mataifa yanayosaidiana, yamsaidia nani?"

Swali hilo nililala nalo. Leo nataka tulitazame pamoja, msomaji mpenzi.

Sisi watoto wa Mji wa Kale tuliipenda kaskazi. Upepo huo ndio uliotuletea majahazi ya Ghuba, na tende, na mazulia, hata masheikh na vitabu vyao. Lakini upepo hauchagui shehena. Heroini ya Afghanistan hupakiwa majahazini katika pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikateremka kwa bahari ile ile mpaka kwetu. Nyingine hubaki hapa, nyingine huendelea Ulaya. Mkulima ni wa nchi moja, mwenye chombo wa nchi ya pili, mnunuzi wa nchi ya tatu, wala hakuna kati yao amwombaye mwenzake pasi. Chuoni tulifunzwa kuwa Mola ameamrisha waja wasaidiane katika wema, na akakataza kusaidiana katika dhambi. Waama, hivi leo wenye dhambi wamekuwa wepesi wa kusaidiana kuliko wenye wema.

Si kwamba mataifa yamelala. Mwezi wa Aprili 2014, manuari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ililisimamisha jahazi karibu maili 27 za baharini mashariki ya Mombasa. Ndani ya shehena ya saruji mlikuwa na kilo 1,032 za heroini. Unga ule ukaharibiwa, nasi tukashangilia. Lakini mabaharia wa majahazi kama hayo aghalabu huachwa wakaenda zao. Kwa nini? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa kila nchi uwezo wa kumkamata haramia katika bahari kuu na kumhukumu katika mahakama yake. Juu ya dawa za kulevya, mkataba huo huo unasema tu kwamba nchi zote zishirikiane. Basi manuari yaweza kuuteketeza unga. Kumpata hakimu wa kumhukumu aliyeubeba ni kazi nyingine.

Na kwamba kazi hiyo yawezekana, sisi wa Mombasa tumeiona kwa macho yetu. Maharamia wa Kisomali walipozidi, Kenya ilifanya mapatano mwaka 2009 na Marekani na Umoja wa Ulaya, ikakubali kuwahukumu waliokamatwa na manuari zao. Washukiwa zaidi ya mia moja waliletwa hapa. Mwezi wa Juni 2010 ikafunguliwa mahakama madhubuti pale Shimo la Tewa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mashahidi walisafirishwa kutoka ng'ambo kuja kueleza waliyoyaona, na wengi wa washtakiwa wakafungwa. Hapo kulikuwa na mkamataji, na hakimu, na shahidi. Kamba ya nyuzi tatu.

Kisa cha pili kilitokea mlangoni petu. Novemba 2014, ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Mombasa. Watu waliotumwa na wapelelezi wa Marekani walikuwa wamejifanya wajumbe wa wafanyabiashara wa dawa kutoka Colombia, wakapewa kilo 99 za heroini. Ombi la kuwapeleka Marekani lilivutana mahakamani zaidi ya miaka miwili. Januari 2017, hali kesi hiyo ingali haijakwisha, wakapakiwa ndege hadi New York. Huko walikiri makosa, na miongoni mwa waliyokiri ni kuwahonga maofisa wa Kenya ili kesi icheleweshwe. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Nilifurahi, sikatai. Lakini furaha ile ilichanganyika na haya. Iweje dhambi iliyotendwa Mombasa ikatafutiwe hakimu ng'ambo ya bahari mbili? Jirani mwema atakusaidia kuuzima moto; hatakuja kukulindia mlango kila usiku.

Nikarudi barazani kwa sahibu yangu, nikamwuliza kama amemshtaki yule muuzaji. Akacheka kicheko kisicho na raha. "Nani asimame mahakamani? Leo atafungwa, kesho yuko mtaani. Nami nina mabinti."

Sikuwa na uso wa kumlaumu. Mimi mwenyewe, siku moja, nilimwona kijana akigawa vipakiti chini ya dirisha langu. Nilimjua, na babake namjua. Nilifunga dirisha, nikarudi kwenye kalamu yangu.

Basi jawabu la sahibu yangu ni hili. Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000, uliowekwa kupambana na magenge yavukayo mipaka, na Kenya imo, unazitaka nchi ziwalinde mashahidi dhidi ya vitisho. Sheria yetu wenyewe ya kuwalinda ipo tangu 2006. Huo ndio uzi unaotoka meza za mataifa ukafika uchochoroni. Mzee mmoja wa mtaa asipoweza kusema aliyoyaona akalala salama, manuari zote za dunia zitakuwa zinateka maji kwa pakacha. Serikali na itufikishie ulinzi huo mitaani, nasi tufungue madirisha.

Mataifa na yazidi, kuizunguka bahari,
Doria zijitahidi, usiku hata nahari,
Ila pasipo shahidi, mwenye kunena dhahiri,
Hii shari itarudi, kwa mlango wa bandari.