Ella Fitzgerald na Fidla za Mwaka 1957 (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tulimwacha Ella Fitzgerald mwaka 1956, akiwa amehamia Verve, kampuni iliyoanzishwa na meneja wake, Norman Granz. Oktoba 1957, akiwa na miaka 40, aliingia studio na okestra ya Frank DeVol kurekodi nyimbo za polepole za mapenzi, zilizotoka katika santuri ya Like Someone in Love. Wapenzi wengi wa jazi huipita santuri hiyo haraka. Wanadai fidla zimeifunika sauti kwa utamu, na kwamba Ella wa kweli ni yule anayechezesha silabi zisizo na maana mbele ya bendi ndogo. Nashikilia kwamba fidla hizo zilimwanika.

Chukua wimbo wa Midnight Sun. Lionel Hampton na Sonny Burke waliutunga mwaka 1947 kwa ajili ya ala. Maneno ya Johnny Mercer yalikuja miaka kadhaa baadaye. Vibrafoni ya Hampton ina vibao, kila kimoja na sauti yake, hivyo mpigaji hana shaka ya noti itatua wapi. Koo la mwimbaji halina vibao. Na wimbo huu unateremka nusu toni kwa nusu toni, ngazi nyembamba kiasi kwamba ukiteleza ya kwanza, zilizobaki zote huenda kombo. Angesindikizwa na piano peke yake, sauti ya piano hufifia mara tu baada ya kupigwa, na kosa dogo la mwimbaji hupenya hapo likapotea. Fidla hazimpi nafasi hiyo: upinde ukivutwa, sauti husimama, naye hupimwa nayo mwanzo hadi mwisho. Ella anashuka ngazi zote bila haraka, tena bila kutuonyesha kwamba ni kazi. Utamu gani unaoweza kuficha hilo? Katika baadhi ya nyimbo za santuri hiyo Stan Getz anapuliza saksafoni, na wawili hao wanaelewana kama watu wa jazi walivyoelewana siku zote.

Pingamizi zito zaidi linahusu huzuni. Billie Holiday alirekodi Lady in Satin na okestra ya Ray Ellis Februari 1958, sauti ikiwa imechakaa, na uchakavu ule unachoma. Ella hana kitu cha namna hiyo, nakiri. Lakini wapo wafiwa wanaolia kwa kelele na wapo wanaokaa kimya wakipokea wageni, wala hatuwaambii hawa wa pili kwamba hawakufiwa.

Atakayesema huzuni hiyo ni ya okestra, si yake, arudi kwenye But Not for Me aliyoiimba mwaka 1950 na piano ya Ellis Larkins tu, kisha aisikilize ile ya 1959 na okestra ya Nelson Riddle. Juma lijalo tutaziweka mbili hizo bega kwa bega.