Chombo cha Maji kwa Safari Ndefu ya Baiskeli

Katika shule yetu wapo wanafunzi wengi wenye baiskeli nyumbani, na kila likizo inapokaribia huzuka mazungumzo ya safari. Huyu ataka kwenda Magu, yule Sengerema, mwingine Geita. Muhula huu mazungumzo hayo yameingiwa na jambo jipya. Baadhi ya wenzetu wameona picha za mfuko wa maji unaovaliwa mgongoni, wenye mpira mwembamba unaofika mdomoni, na siku ya kutembelewa waliwaomba wazazi wao wawanunulie. Wazazi nao wakauliza: je, mfuko huo una faida gani ambayo chupa haina? Swali hilo ni la haki, maana fedha ya mfuko mmoja ulio imara yaweza kununua tairi na tyubu yake. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze namna ya kuchagua chombo cha maji, ili mzazi asitoe fedha bure, wala mwanafunzi asiende safari akiwa na maji haba.

Jasho ni kazi ya mwili

Tunapokanyaga pedali misuli hutoa joto jingi. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho, na jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungi ameona kazi hiyo hiyo: maji hupenya kidogo kidogo katika udongo wa mtungi, hukauka nje, na yale yaliyobaki ndani huwa baridi. Tofauti ni kwamba mtungi ukipungua twaujaza tena, lakini mwili wa mwendesha baiskeli hausemi mapema kwamba umepungua.

Mtu akipoteza maji yapatayo asilimia 2 ya uzito wake, nguvu zake huanza kupungua. Kwa kijana wa kilo 60 hiyo ni kilo 1 na gramu 200 tu, yaani maji ya lita moja na kidogo. Akizidi kupoteza, kichwa humuuma, mkojo huwa mweusi-mweusi na kizunguzungu humshika. Mwaka jana, katika safari moja ya likizo, mwenzetu mmoja alianza kuyumba barabarani baada ya saa sita mchana, akatoka njia hadi kwenye majani. Nyuma yake lilikuwa likija lori. Alisalimika, nasi tukamkalisha kivulini tukamnywesha taratibu. Tokea siku hiyo nimeyaona maji kuwa sehemu ya baiskeli, sawa na breki.

Hesabu huja kabla ya chombo

Watu wengi huanza kwa kutazama uzuri wa chombo, kisha ndipo wakafikiri juu ya maji. Yafaa kuanza na hesabu. Kila mtu ana jasho lake, kwa hiyo kila mtu ajipime mwenyewe. Mimi nilifanya hivi: nilijipima kwenye mizani nikiwa na nguo nyepesi, nikaendesha baiskeli kwa saa 2 huku nikinywa nusu lita ya maji, nikajifuta jasho, nikajipima tena kwa nguo nyepesi zilizo kavu. Uzito wangu ulikuwa umepungua kilo 1. Kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, nilijua kwamba nimetoa lita 1 na nusu, yaani robo tatu ya lita kwa kila saa.

Sasa tuchukue safari ambayo wengi wetu huitamani, kutoka hapa Usagara, kwenye njia panda ya Misungwi, mpaka Geita. Ni kama kilomita 90. Mwenye baiskeli isiyo na gia, akienda bila pupa, hupata kilomita 15 kwa saa, basi atakuwa juu ya tandiko kwa saa 6. Kwa jasho kama langu atapoteza lita 4 na nusu. Si lazima arudishe zote akiwa njiani, lakini akinywa lita 3 hivi ataendelea kuwa salama, na zile nyingine atazirudisha jioni kwa chakula na chai.

Hapo zamani njia hii ilikuwa na pumziko la lazima. Msafiri alifika Kigongo akangoja kivuko cha kumpeleka Busisi, na katika kungoja huko alikaa, akanywa, akanunua kitu. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3, hakuna tena kungoja. Jambo hili ni la kushukuriwa sana, lakini mwendesha baiskeli akumbuke kwamba sasa pumziko ni shauri lake mwenyewe. Asipojipangia mahali pa kunywa, hakuna atakayempangia.

Mfuko wa mgongoni ulivyopatikana

Habari ya mfuko huu yapendeza. Huko Wichita Falls, katika jimbo la Texas, Marekani, kila mwezi wa Agosti hufanyika safari ya baiskeli iitwayo Hotter'N Hell Hundred. Ni maili 100, yaani kilomita 161, katika joto kali. Mwaka 1988 mtu mmoja aitwaye Michael Eidson, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wagonjwa wa dharura, alijaza maji katika mfuko wa dripu, akauingiza katika soksi ndefu, akaufunga nyuma ya shati lake. Mpira wa dripu aliupitisha juu ya bega, akaubana kwa kibanio cha nguo. Watu walicheka, lakini yeye alikunywa bila kuachia usukani. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni ya CamelBak, na leo mifuko ya namna hiyo hutengenezwa na kampuni nyingi.

Mfuko hufanya kazi kwa njia rahisi. Ndani yake mna kibofu laini cha plastiki. Ukivuta maji kwa mdomo, hewa ya nje hukikandamiza kibofu kikasinyaa, na maji hupanda katika mpira. Hii ndiyo sababu hauhitaji tundu la hewa. Wenzetu wanaojaribu kutengeneza wao wenyewe kwa dumu gumu na mpira hushangaa maji yakikataa kuja. Dumu gumu haliwezi kusinyaa, kwa hiyo ni lazima lipate tundu dogo la kuingiza hewa.

Faida zake ni mbili. Ya kwanza, maji yako karibu na mdomo, na mtu hunywa kidogo kidogo mara nyingi, jambo ambalo mwili hulipenda. Ya pili, huchukua lita 2 au 3 kwa mara moja, nao wafaa mahali penye mawe na mashimo ambapo mkono hauwezi kuacha usukani.

Lakini hasara zake zisifichwe. Lita 3 ni kilo 3 juu ya mabega na tandiko, na baada ya saa chache mgongo husema. Mfuko pia hufunika mgongo, na jasho la mahali hapo halikauki vizuri, kwa hiyo joto huongezeka. Mwenye mfuko haoni maji yamebaki kiasi gani, na huenda akajua yamekwisha wakati mpira unapovuta hewa tupu. Tena usafi wake ni kazi: mpira ule mwembamba usiposafishwa na kukaushwa huota ukungu ndani. Katika bweni, ambamo kila mtu ana ndoo moja ya maji na muda mfupi wa kufua, jambo hili lifikiriwe kabla ya kununua.

Chupa, dumu na kibuyu

Chupa ya kawaida ya plastiki ya lita 1 au 1 na nusu ni nyepesi, hupatikana kila duka, maji yake yaonekana, na ikiharibika hasara ni ndogo. Upungufu wake ni kwamba baiskeli zetu nyingi za keria hazina kishikio cha chupa. Dawa yake iko kwa fundi yeyote: utepe wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu, uleule unaofunga mzigo kwenye keria, huishika chupa imara kwenye fremu. Uzito ukiwa chini kwenye fremu, baiskeli hutulia zaidi kuliko uzito ukiwa mgongoni.

Chupa ivikwe soksi nene iliyoloweshwa maji. Soksi inapokauka katika upepo wa safari hupoza chupa kama mtungi. Nimejaribu kwa chupa mbili, moja na soksi na nyingine wazi. Baada ya saa moja ile ya wazi ilikuwa vuguvugu, na ile ya soksi ilinyweka vizuri. Maji ya baridi mtu huyanywa kwa hiari, lakini ya moto huyaahirisha mpaka amechelewa.

Dumu la lita 5 lafaa kwa kundi, likichukuliwa kwenye keria na mmoja wao kwa zamu. Kibuyu cha wazee wetu hupoza kidogo na hakina harufu ya plastiki, lakini huvunjika upesi baiskeli ikianguka. Kuna chombo kimoja ambacho hapana ruhusa kabisa: chupa au dumu lililowahi kutiwa dawa ya pamba, au dawa yoyote ya mimea. Hapa kwetu Usukumani, nchi ya pamba, vyombo hivyo huonekana mashambani, navyo vyaonekana visafi. Sumu yake haitoki kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Vitobolewe visitumike tena.

Maji yenyewe

Chombo kizuri chenye maji mabaya ni hatari zaidi kuliko chombo kibaya kitupu. Ziwa Victoria li karibu nasi njiani, na mwenye kiu hushawishika kuteremka akajaze. Asifanye hivyo. Maji yasiyochemshwa yaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo, na anayeingia ukingoni aweza kupata kichocho kwa ngozi tu, bila hata kunywa. Maji yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, yapoe, ndipo yatiwe katika chombo kilichooshwa.

Pia mtu asinywe maji matupu kwa wingi mno kwa mara moja akidhani anaweka akiba. Jasho huondoka na chumvi, na maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi iliyobaki katika damu, jambo ambalo laweza kumuua mtu. Kunywa kadiri ya kiu, mara kwa mara, na kula njiani. Matobolwa na karanga za chumvi ni chakula bora cha safari, wala havihitaji kununuliwa mbali.

Basi tuchague nini?

Kipimo changu ni hiki: tazama ni saa ngapi kutoka mahali pa maji salama mpaka pengine. Barabarani kutoka Usagara mpaka Geita, mji wa Sengerema uko karibu nusu ya njia. Mtu ana saa 3 hivi kila upande, na kwa kila upande lita 1 na nusu zatosha. Kwa hiyo chupa mbili za lita 1, zilizovikwa soksi na kufungwa kwenye fremu, hutosha na kubaki, naye hujaza tena Sengerema. Kila nusu saa asimame chini ya mti, anywe, awatazame wenzake nyuso. Katika barabara yenye malori, kusimama ni salama kuliko kunywa ukiwa mwendoni.

Mfuko wa mgongoni nautetea kwa mtu anayepita njia za porini ambako kwa saa 4 au 5 hakuna duka wala kisima salama, au anayeshindana na hawezi kusimama. Huyo na anunue, na aufue. Sisi wengine tuwaambie wazazi wetu waziwazi kwamba safari zetu hazijaudai bado, na kama fedha ipo, tairi jipya litatulinda zaidi.

Nawatakia wote likizo njema na barabara salama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne