Kumbukumbu, hifadhi na diski: kutaja kifaa kabla ya kukinunua

Mwenye kompyuta mpakato iliyoanza kusuasua huingia kwa fundi na kusema: "Memori yangu imejaa, niwekee kubwa zaidi." Fundi aliyezoea kuiita RAM memori hufungua kifuniko, huongeza kipande cha gigabaiti 8 na kupokea malipo yake. Mteja hurudi nyumbani na diski ileile iliyokuwa ikikata roho. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Neno moja limebeba vifaa viwili, na diski hiyo ikifa wiki ijayo, itaondoka na tasnifu ya miaka mitatu au picha za marehemu mzazi.

Katika istilahi za kompyuta, kumbukumbu ni mahali ambapo kazi inayoendelea huwekwa kwa muda. Umeme ukikatika, mahali hapo husahau yote. Kinachokumbuka ni diski. Jina, kwa bahati mbaya, limepewa asiyekumbuka. Katika lugha ya kila siku, kumbukumbu za kikao au kitabu cha kumbukumbu ni vitu vinavyodumu, na ndiyo maana mtumiaji wa kawaida hukosea bila kujua kuwa amekosea. Neno hifadhi lina nafuu, ingawa nalo halijatakasika: aliyehifadhi Kurani ameiweka kichwani, si kabatini. Matumizi yanayofaa ni kuacha kumbukumbu kwa RAM, hifadhi kwa dhana ya jumla, na diski kwa kifaa chenyewe.

Diski ipi, basi? Diski ngumu hueleza maumbile: sahani ngumu zinazozunguka, tofauti na zile laini za zamani. Diski kuu hueleza kazi, kwamba ndiyo inayobeba mfumo endeshi na mafaili. SSD haina sahani wala kinachozunguka. Huhifadhi data katika chipu. Kuiita diski ngumu ni kuisingizia, lakini diski kuu yaweza kuwa, na hapo istilahi ya pili huonyesha ubora wake. Kiendeshi huepukwa dukani, kwa kuwa hutumiwa pia kwa programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa kama printa.

Mtego mkubwa zaidi umo katika umbo. Diski za kompyuta mpakato nyingi za zamani ni za inchi 2.5, hutumia kiunganishi cha SATA, na huwa na unene wa milimita 7 au 9.5, ile ya 9.5 haiingii penye nafasi ya 7. Kompyuta mpya zaidi hutumia kipande chembamba kiitwacho M.2, ambacho mara nyingi huandikwa 2280, yaani upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Wauzaji wengi husema "M.2" kana kwamba wamemaliza. Hawajamaliza. M.2 ni jina la umbo tu, kama vile *paa* lisivyosema lenyewe kama ni la nyumba au ni mnyama. Ndani ya umbo hilo kuna diski zinazozungumza kwa SATA, ambazo hazivuki sana megabaiti 550 kwa sekunde, na nyingine kwa NVMe, ambazo zaweza kufikia maelfu. Nafasi iliyotengenezwa kwa NVMe pekee haitaitambua ya SATA hata ikiingia sawasawa. Jibu limo katika mwongozo wa modeli husika, au kwenye lebo ya diski inayotolewa.

Tarakimu za ujazo nazo huzua ugomvi usio na sababu. Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonekana katika Windows kuwa takriban 465. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024, na wote hutumia jina lilelile.

Kuhusu uaminifu wa kifaa, watengenezaji hutaja TBW, yaani terabaiti zinazoweza kuandikwa chini ya waranti. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500, kwa mfano, ina TBW 300 na waranti ya miaka 5. Anayeandika gigabaiti 20 kila siku angehitaji zaidi ya miaka 40 kukifikia kikomo hicho, hivyo si jambo la kumnyima usingizi. La kuuliza ni nani atakayeiheshimu waranti hiyo hapo mjini. Neno dhamana, ambalo wengi hulitumia badala ya waranti, hupotosha kidogo, kwani huashiria kwamba kilichowekwa kitarudi salama. Waranti hurudisha diski. Yaliyomo hayamo katika mkataba. Nakala ya akiba hutengenezwa kabla ya fundi kushika bisibisi.

Kisha kuna neno *mpya*. Diski huweka hesabu ya saa ilizowashwa, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Ikisoma saa 9,000, hiyo ni mtumba, hata kama imefungwa kwa karatasi inayong'aa.

Sentensi inayomtosha muuzaji ni kama hii: "Nataka diski kuu ya NVMe, umbo la M.2 2280, gigabaiti 500, isiyotumika, yenye waranti ya maandishi, na tuisome saa zake hapa hapa kabla sijalipa."