Ndanda na hesabu ya korosho: Nani alipie soka la Mtwara?

KWA misimu sita, kuanzia 2014/15 hadi 2019/20, wafanyabiashara wadogo wa Shangani mjini Mtwara walikuwa na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya korosho, inayoanza Oktoba minada inapofunguliwa. Ya pili ilikuwa ratiba ya Ligi Kuu Tanzania Bara.

Simba au Yanga ilipokuja kucheza na Ndanda FC kwenye Uwanja wa Nangwanda Sijaona, wageni walimiminika kutoka Masasi, Newala, Tandahimba na Lindi. Bodaboda hazikupumzika, nyumba za wageni zilijaa, na mama lishe aliongeza sufuria ya pili.

Mwaka 2020 Ndanda ilishuka daraja pamoja na Lipuli ya Iringa, Alliance ya Mwanza na Singida United. Tangu hapo 'Wanakuchele' hawajarudi Ligi Kuu, na Shangani imebaki na kalenda moja.

Kila timu ya kusini inapokwama, macho huelekea kwa mkulima wa korosho. Husemwa kuwa mkoa wenye zao la mabilioni haustahili kukosa timu, na kwamba makato kidogo tu kwa kila kilo yangetosha. Kabla ya mkulima kukubali au kukataa, ni vema akapiga hesabu.

Washindani watatu

Mshindani wa kwanza wa Ndanda hayuko Mtwara. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu enzi hizo klabu hizi mbili za Dar es Salaam zimegawana mashabiki wa nchi nzima. Wako watu waliozaliwa Mikindani na kukulia Shangani ambao siku Ndanda ilipokutana na mmoja wa wakubwa hao waliingia uwanjani na jezi nyekundu au ya kijani.

Mapenzi hayo yana thamani ya fedha. Mwaka 2022 Yanga ilisaini mkataba wa udhamini na kampuni ya SportPesa wa zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa miaka mitatu. Hiyo ni zaidi ya bilioni nne kwa mwaka kutoka kwa mdhamini mmoja.

Mshindani wa pili ni televisheni. Jumamosi jioni vibanda umiza huonyesha ligi ya Uingereza, na kijana mwenye fedha kidogo mfukoni huchagua kati ya kibanda na uwanja.

Televisheni hiyo hiyo ndiyo inayozilipa klabu za ligi ya juu. Mei 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Baadaye mwaka huo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Ndanda ilikuwa imeshashuka mwaka mmoja kabla. Ni sawa na mkulima aliyeuza korosho zake zote wiki moja kabla bei haijapanda.

Mshindani wa tatu ni jirani. Namungo FC ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020 na kufungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga, kisha ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Aliyetaka kuweka fedha kwenye soka la kusini alikuwa na mahali pengine pa kuziweka.

Msimu wa misukosuko miwili

Ugumu wa kuendesha timu kutoka Mtwara ulionekana wazi msimu wa 2018/19. Ligi ilikuwa na timu 20, kwa hiyo kila moja ilicheza mechi 38, na 19 kati ya hizo zilikuwa ugenini. Kwa timu ya Mtwara, Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 550, na Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,500. Msimu huo ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu.

Wakati huo huo korosho nayo iliyumba. Oktoba 2018 wakulima waligoma kuuza kwa bei walizopewa na wanunuzi mnadani. Novemba, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu, na fedha zikakauka mitaani.

Ndanda ilivuka msimu huo. Uliofuata haikuvuka.

Hapa kuna jambo ambalo mkulima analifahamu vizuri. Fedha ya korosho huingia kwa miezi michache, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka. Ligi huanza kabla ya mnada wa kwanza na kuisha miezi mingi baada ya mnada wa mwisho. Timu inayotegemea korosho hushiba Desemba na kulala njaa Aprili, wakati ambapo pointi moja inaweza kuamua nani abaki na nani ashuke.

Shilingi moja kwa kilo

Sasa yapigiwe hesabu makato yanayozungumzwa. Tani moja ni kilo 1,000. Chama cha msingi kinachokusanya tani 500, kikikata shilingi moja kwa kilo, kitapata shilingi 500,000. Kwa tani 100,000 zitapatikana shilingi milioni 100.

Msimu wa 2017/18, Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Shilingi moja kwa kila kilo iliyovunwa nchi nzima ingetoa takriban shilingi milioni 300. Kiasi hicho hakifiki hata moja ya kumi ya kile Yanga ilichokuwa ikipata kwa mwaka kutoka kwa SportPesa peke yake.

Kwa hiyo mkulima wa Tandahimba hawezi kukatwa hadi Ndanda ilingane na Yanga. Akikatwa shilingi 10, ataumia yeye na pengo litabaki. Tena bei ya korosho yake tayari hubeba ushuru na makato mengine kabla haijamfikia mkononi. Chama cha ushirika kiliundwa kumuuzia mazao, na fedha yake haipaswi kuguswa bila uamuzi wake mwenyewe kwenye mkutano mkuu.

Lipo pia suala la haki. Mkulima wa Newala anayefika Mtwara mjini mara mbili kwa mwaka hanufaiki na mechi kama anavyonufaika mwenye nyumba ya wageni aliye karibu na uwanja. Anayevuna faida ndiye anayepaswa kutangulia kuchangia.

Faida imejificha wapi?

Wengi huamini kwamba faida ya timu ni siku ya Simba na Yanga. Chukulia mfano wa mama lishe ambaye siku ya kawaida huuza sahani 40 na kubakiwa na faida ya shilingi 500 kwa sahani. Siku ya Simba au Yanga anauza sahani 120, yaani 80 zaidi, na kupata nyongeza ya shilingi 40,000. Kwa mechi mbili kubwa anapata shilingi 80,000 kwa msimu.

Lakini ligi ya timu 20 ilikuwa na mechi 19 za nyumbani. Katika 17 zilizobaki, akiuza sahani 20 tu zaidi ya kawaida, anapata nyongeza ya shilingi 10,000 kila mara, jumla shilingi 170,000. Siku ndogo zikijumlishwa zinamlipa mara mbili ya siku kubwa.

Hata ligi ya chini yenye timu 16 ina mechi 15 za nyumbani. Watazamaji wakifika kwa wingi wa kumuuzia mama lishe sahani 20 za nyongeza, ni shilingi 150,000 kwa msimu. Mwenye bodaboda, muuza madafu na mkaanga mihogo nao wapige hesabu zao kwa njia hiyo hiyo.

Kwa biashara za Shangani, basi, muhimu ni kuwa na timu inayocheza nyumbani mara kwa mara mbele ya watu, hata kama Simba haiji. Mji unaosubiri kwanza timu irudi Ligi Kuu ndipo uende uwanjani unaacha sehemu kubwa ya faida yake ipotee.

Aliyeshuka na kurudi

Ndanda, Lipuli, Alliance na Singida United, zilizoshuka mwaka 2020, bado ziko nje ya Ligi Kuu. Majimaji ya Songea, iliyoshuka mwaka 2018, nayo haijarudi. Lakini Mtibwa Sugar, yenye kiwanda nyuma yake, ilishuka mwaka 2024 na kupanda tena mwaka 2025. Mbeya City, iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji, ilishuka mwaka 2023 na kurejea mwaka 2025.

Kuwa na mlipaji wa kudumu si kinga ya kushuka. Kagera Sugar, yenye kiwanda pia, ilishuka mwaka 2025. Tofauti ni kwamba mwenye mlipaji akianguka ana mahali pa kushika ili ainuke.

Nje ya nchi upo mfano wa mchezo wa raga. Mwaka 1895, kaskazini mwa Uingereza, klabu nyingi za raga zilijitenga na chama chao. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na viwandani waliopoteza ujira kila walipokwenda kucheza, na wakubwa wa chama walikataa wafidiwe. Kutokana na mgawanyiko huo ikazaliwa raga ya ligi, inayochezwa na watu 13 kila upande.

Nchini Australia raga hiyo imestawi, lakini hushindania watazamaji na raga ya watu 15, mpira wa sheria za Australia na soka. Miaka ya 1990 vita ya haki za televisheni iliigawa, na baada ya msimu wa 1999 klabu ya South Sydney, iliyoanzishwa mwaka 1908 katika mitaa ya wafanyakazi, ikaondolewa kwenye ligi. Wanachama waliandamana, wakaenda mahakamani, na mwaka 2002 klabu ikarudi. Mwaka 2006 walipiga kura kuuza asilimia 75 kwa wawekezaji wawili na kubaki na asilimia 25. Mwaka 2014 klabu ilitwaa ubingwa.

Fedha kubwa ilitoka kwa wawekezaji, lakini wawekezaji walikuta klabu hai kwa sababu wanachama hawakuiacha ife.

Nani atangulie?

Mtwara ina gesi ya Mnazi Bay, kiwanda cha saruji cha Dangote na bandari. Kampuni zinaweza kuombwa udhamini, lakini hakuna kampuni inayopenda kuweka jina lake kwenye jezi ya timu inayocheza mbele ya viti vitupu na isiyosoma hesabu zake hadharani.

Hatua ya kwanza, basi, ni uanachama. Watu 2,000 wakilipa shilingi 1,000 kwa mwezi ni shilingi milioni 2 kwa mwezi, milioni 24 kwa mwaka. Haitoshi kuendesha timu, lakini inaingia Aprili kama inavyoingia Desemba, na inampa mdhamini orodha ya watu halisi. Wenye nyumba za wageni, mabasi na migahawa ndio wa kufuatwa kwanza.

Mkulima anakaribishwa kama mwanachama mwenye kadi na kura, kwa hiari yake, na si kama jina kwenye orodha ya makato. Akijiunga, adai kile anachokidai kwenye chama chake cha msingi: mkutano wa mwaka, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, na anayeshindwa kueleza fedha ilikokwenda aondoke.

Mkorosho hauzai mwaka unapopandwa. Mkulima huupalilia misimu kadhaa bila kuvuna kilo moja, kwa kuwa anajua shamba ni lake. Ndanda nayo itapaliliwa siku watu wa Mtwara watakapokuwa na hakika kwamba ni yao.